Lango la Matete la Kasubi

Mtu aliyekulia Sop Sop, wilayani Tororo, ajua vyema maana ya lango. Mpaka wa Kenya hauko mbali naye, na pale Busia, tangu kituo kipya cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Lango lile lilitengenezwa upya ili watu wapite upesi.

Lakini akishika njia ya magharibi, akauvuka Mto Nile pale Jinja na kuwasili Kampala, atakuta lango lililokarabatiwa kwa nia nyingine: mgeni apunguze mwendo.

Lango hilo huitwa Bujjabukula, nalo ni mlango wa makaburi ya Kasubi, walikolala Makabaka wanne wa Buganda kuanzia Mutesa wa Kwanza. Limejengwa kwa matete na kuezekwa nyasi. Lina walinzi wake wa jadi. Hukaa ndani, penye giza, nyuma ya ukuta wa matete upenyao macho: wao humwona ajaye, naye hawaoni. Askari yeyote ataitambua busara ya ujenzi huo.

Hata hivyo, usiku wa tarehe 16 Machi, 2010, moto uliiteketeza nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga. Siku ya pili yake zikazuka vurugu mahali hapo, na watu wakauawa kwa risasi. UNESCO, iliyokuwa imeiandikisha Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikaitia katika orodha ya mahali palipo hatarini.

Ukarabati wa mahali kama hapo una swali gumu. Matete huwaka, saruji haiwaki. Basi kwa nini lisijengwe lango la matofali na chuma? Kwa sababu lango hilo lingestahimili moto, lakini lisingekuwa Bujjabukula. Kwa hiyo matete na nyasi vilihifadhiwa, kazi ya kuezeka ikabaki kwa ukoo wa Ngeye kama ilivyo desturi, na kinga dhidi ya moto ikaongezwa. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ile.

Wazazi watakaowapeleka watoto wao huko wawaoneshe lango kwanza, kabla ya makaburi. Hapo watajifunza kwamba mlinzi mwema hamzuii adui tu. Humfundisha na mgeni kuingia kwa adabu.