Mtoto wa Bahari, Baridi ya Januari na Mke wa Chupa Mbili

Ukiangalia picha za mtandaoni unaweza kudhani kapo za ughaibuni zinaishi kwa maua na chakula cha mishumaa tu. Kuna kapo moja ya Leicester, Uingereza, ambayo Januari ya mwaka juzi ilinuniana vibaya, na ugomvi haukuwa simu wala mchepuko. Ulikuwa ile saa moja ya kukaa nchi kavu kati ya mbizi ya kwanza na ya pili.

Jamaa ni kijana wa Nungwi, Zanzibar. Miaka tisa alikuwa anawapeleka watalii chini ya maji, na kule mambo yalikuwa raha. Bahari ni nyuzi 25 mpaka 30, suti nyepesi ya milimita 3 inatosha, na kati ya mbizi mbili unakaa juu ya boti, jua linakukausha, unakula nanasi na kupiga soga. Alipomfuata mkewe, nesi mwenyeji wa Tanga, washkaji walimtania: "Sasa umezamia kweli!" Akacheka, maana aliingia kwa viza ya ndoa, sio kwa kujificha kwenye meli.

Leicester ikampokea kwa kazi ya ghala, shifti ya usiku. Nungwi watoto walimwita kapteni. Huku ni mtu mmoja tu kati ya wengi waliovaa vizibao vya njano. Ndiyo maana alipoambiwa kwamba hapo hapo Leicestershire kuna machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, Stoney Cove, na kikundi cha wazamiaji kinatafuta msaidizi wa Jumapili, alijiona kama karudishiwa jina lake. Malipo kiduchu, ila mbizi mbili kila wiki.

Sasa maji ya pale Januari ni kama nyuzi 5 hivi. Wenzake wengi walivaa suti kavu, zile ambazo maji hayaingii kabisa. Jamaa akapiga hesabu, akaona bei yake ni ada ya wadogo zake wawili nyumbani. Akanunua suti ya mpira ya milimita 7, ya mtumba.

Suti ya namna hiyo huruhusu maji kidogo yaingie, mwili unayapasha joto, na mpira wenye vipovu vya gesi ndani yake unazuia joto lisitoke haraka. Tatizo ni kwamba ukishuka mita 20, mgandamizo unakuwa mara 3 ya ule wa juu. Vipovu vinasinyaa, suti inakonda, na maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa. Kwa hiyo mtu anatoka ameshapungukiwa.

Wengi hudhani ukishatoka majini umepona. Wapi! Suti iliyolowa ikipigwa na upepo inafanya kazi ile ile ya mtungi wa udongo: maji yanakauka kwa nje, ndani kunazidi kupoa. Mtungi unapoza maji ya kunywa, suti inampoza mtu.

Jumapili ya kwanza jamaa alikaa juu ya jiwe na suti yake, kichwa wazi, mikono kifuani. Mwenzake mmoja akamletea koti, akakataa. Yeye ni mtoto wa bahari bwana. Mke, aliyekuwa anasoma ndani ya gari, akatoka kumwangalia. Akakuta meno yanagongana, vidole haviwezi hata kufungua mkanda, na maneno yanatoka mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mume wangu, leo hushuki tena."

"Mama, usiniaibishe mbele za watu."

"Bora aibu kuliko matanga."

Akaenda mwenyewe kumwambia kiongozi wa kikundi. Jamaa akavuliwa suti, akakaushwa, akavishwa, akanyweshwa chai ya sukari taratibu. Mke anaijua kazi yake: kutetemeka maana yake mwili bado unapigana. Mtu wa baridi akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, na anaanza kuongea visivyoeleweka, hapo chai haitoshi, ni kupiga 999.

Njia nzima kimya. Siku tatu za "ndiyo" na "hapana". Jumatano usiku, kabla ya shifti, jamaa ndio akafunguka: "Wiki nzima watu wananiamrisha. Jumapili peke yake ndiyo wananiuliza."

Mke hakujibu haraka. Mwishowe akasema, "Basi tutakwenda. Ila ukitoka kwenye maji wewe ni mgonjwa wangu."

Jumapili iliyofuata alikuja na mzigo. Suti ikavuliwa palepale, upande wa gari usio na upepo, ikatundikwa ndani. Taulo, nguo kavu mpaka soksi, kofia ya sufu, na joho refu lisilopitisha upepo. Chini akatandika kipande cha zulia, maana ardhi ya baridi hunyonya joto kupitia nyayo. Chupa ya kwanza ilikuwa na supu ya kuku. Ya pili haikuwa ya kunywa: ni maji ya vuguvugu, ya kumimina ndani ya suti, viatu na glovu dakika chache kabla ya kurudi majini, ili yakae mahali ambapo yangekaa maji ya baridi. Anayapima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi haijui kama inaungua.

Na marufuku zikawepo. Pombe hakuna, hata kwa wale wa kusema "kidogo tu cha kuchangamsha", maana inatanua mishipa karibu na ngozi. Unahisi joto huku unalipoteza. Kukimbilia kuoga maji ya moto sana mara tu baada ya kutoka nako hakuna, kwa kuwa mwili bado una naitrojeni ya kule chini, na kuupasha ghafla kunaweza kuiletea vipovu. Mbizi ya pili lazima iwe fupi na ya kina kidogo kuliko ya kwanza.

Ila sharti kubwa lilikuwa la kifungo. Mapumziko yakiisha, jamaa anajifungia vifungo vya shati mwenyewe. Kikimshinda hata kimoja, siku imeisha, na hakuna mjadala.

Februari kilimshinda. Safari hii mke hakwenda kwa kiongozi. Jamaa alitembea mwenyewe, joho likiburuza, akasema leo hashuki. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa kikundi, naye mvaaji wa suti ya mpira, alimuuliza hiyo habari ya kifungo ikoje, akaanza kujipima.

Mpaka leo suti kavu haijanunuliwa, ada zinalipwa, na jamaa bado yupo ghalani wiki nzima. Mtu wa pwani hufundishwa tangu utotoni kuiheshimu bahari ikichafuka. Kuliheshimu jiwe la kukalia ukiwa umelowa, hilo alifundishwa na mkewe, tena mbele ya watu.

Ungekuwa wewe ndio mume, siku ile ya kwanza ungekubali kukaa chini?