Gemu ya Mtoto na Picha za Mabiharusi

Leo hatusemi mishono wala singo. Tunasema gemu, na mtuvumilie, kwa sababu imetugusa pabaya sisi na baadhi ya mabiharusi wetu.

Sisi ni ndugu wawili, cherehani zetu ziko hapa Chake Chake. Mwanetu wa miaka 12 akitoka chuoni hupitia dukani, huomba simu ya kazi acheze GTA San Andreas. Gemu yenyewe ya zamani, ilitoka 2004 kwenye PlayStation 2, na mwaka 2013 ikaingia kwenye simu. Siku moja tulikaa naye tukaiangalia: wizi wa magari, bastola, matusi, na wanawake wa barabarani. Tukamwambia basi.

Baada ya siku mbili akaja na hoja. "Mama mkubwa, ipo ya modi. CJ kavaa kanzu na kofia, wale wanawake wametolewa, hata muziki hamna." Kijana mmoja wa mtaani alishamtilia bure. Tukatazama, kweli, kanzu nyeupe pee na daladala barabarani. Tukafurahi! (CJ na kanzu yake bado alikuwa akiiba magari, ila hilo tulilifumbia macho.)

Na orijino haina heshima ya kuitetea. Mwaka 2005 mtu mmoja wa Uholanzi alitoa modi iliyofungua mambo ya chumbani ambayo watengenezaji, Rockstar, waliyaficha ndani ya gemu bila kuyafuta. Marekani ikapandishwa daraja, ikawa ya watu wazima tu. Kwa hiyo modi moja hufunika, nyengine hufunua.

Kilichotuamsha ni mteja. Biharusi mmoja aliomba picha yake ya kujaribu gauni. Kuifungua simu, tukaona ile gemu ya modi imepewa ruhusa ya picha, majina na ujumbe. Mtoto alibonyeza "ruhusu" kila alipoulizwa. Na simu ile ndiyo yenye picha za mabiharusi kichwa wazi, mabega wazi.

Sisi mafundi tunajua, ukitaka kulibana gauni la fundi mwengine lazima ulifumue, na lebo yake hutoka. Modi ni hivyo hivyo. Orijino ina saini ya mtengenezaji. Akiigusa mtu mwengine saini ile huvunjika, naye hutia yake. Ndiyo maana simu ilikataa kuiweka modi juu ya orijino mpaka mtoto akaifuta orijino kwanza, kisha ikamuuliza kama anakubali programu ya nje ya Play Store. Simu ilionya, tena mara mbili. Aliyefumua hatumjui, na alichoshonea ndani hatukijui. Pengine hamna kitu. Lakini picha zile si zetu, ni amana.

Tuliifuta, tukabadilisha maneno yote ya siri, kisha tukawapigia mabiharusi sita. Hatujawahi kupiga simu nzito kama zile. Wanne walisema Mungu atustiri sote. Mmoja alikata. Wa sita alikuja na mama yake, wakakaa kwenye benchi mpaka kila picha ikafutwa, na mama ndiye aliyetuonesha pipa la Google Photos, ambako picha iliyofutwa hubaki siku 30, na kama ilishahifadhiwa mtandaoni, siku 60. Hatukuwa tukijua. Hakutulaumu hata kwa neno, ila gauni walilipeleka kwa fundi mwengine, na malipo ya awali tukawarudishia.

Sasa vipimo viko kwenye daftari, na gauni tunalipiga picha likiwa kwenye hanga. Mtoto anataka orijino irudi, anasema angalau ile haina wizi wa picha. Tumemkatalia zote mbili. Amenuna, akitoka chuoni anapita ng'ambo ya barabara.