Nyumba Kumi kwa Nyumba Kumi

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Nebraska, uko mji uitwao Omaha. Mwaka 1965 lilikuwako humo kanisa la Kilutheri, jina lake Augustana, na washiriki wake walikuwa Weupe watupu. Walutheri Weusi walikuwako pia katika mji uo huo, lakini walisali kwao. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imetoa sheria ya kukataza ubaguzi katika hoteli, shule na kazi. Walakini sheria haiwezi kuingia nyumbani mwa mtu na kumchagulia mgeni.

Basi mchungaji wa Augustana, William Youngdahl, alitoa shauri dogo. Watu wa nyumba kumi za kanisa lake, mume na mke, wenye kupenda wenyewe, wazuriane na watu wa nyumba kumi za Walutheri Weusi. Hakuomba fedha, wala hakutaka makanisa mawili yawe moja. Kuzuriana tu!

Wakati huo chama cha sinema cha Walutheri kilikuwa kimempa kazi Bill Jersey, fundi wa sinema, ayapige picha mambo hayo jinsi yatakavyotokea. Haikuwa michezo ya kuigiza, ambayo watu hufundishwa maneno ya kusema. Wazee walikaa barazani mwao, wakashindana, na chombo kikazinasa sauti zao na nyuso zao.

Mchungaji akaenda katika duka la kinyozi mmoja Mweusi, Ernie Chambers, mtu msomaji na mwenye maneno makali. Kinyozi akamweleza waziwazi dhuluma za Weupe, akamwambia kwamba hata Yesu wanayemhubiri wamekwisha kumtia uchafu. Mchungaji akasikiliza, akasema machache. Ni wachache wawezao kusikiliza hivyo.

Kisha vijana Weusi wakaja kusali Augustana. Walikaa kwa utulivu kama wageni wo wote. Hata hivyo baadhi ya washiriki wakanung'unika. Wengine walisema wakati haujawadia. Wengine, kwamba kanisa litagawanyika. Na jambo la kuangaliwa sana ni adabu yao. Hawakutukana. Walisema kwa sauti ya upole, huku mlango ukifungwa polepole. Atukanwaye humjua adui yake. Lakini upole wa namna hii, nani ataushika mkono? Mmoja wao, aliyekuwa akisitasita mwanzoni, aligeuka moyo akalitetea shauri lile kwa uchungu. Hakuweza kuwavuta wenzake. Kuzuriana kukashindikana, na mchungaji akajiuzulu.

Walutheri wangaliweza kuificha sinema hiyo, maana iliwaaibisha wao wenyewe. Hawakuificha. Ilionyeshwa katika televisheni mwaka 1966, kwa jina la A Time for Burning, yaani Wakati wa Kuungua, kisha ikapelekwa makanisani na mashuleni, watu waitazame na kuzungumza. Wengi waliziona humo nyuso za watu kama jirani zao, au kama wao wenyewe. Mwaka 2005 iliwekwa miongoni mwa sinema ambazo taifa la Marekani limeamua kuzihifadhi.

Naye yule kinyozi, watu wa mtaa wake walimchagua mwaka 1970 kuingia katika baraza la kutunga sheria la Nebraska. Alikaa humo hata mwaka 2009, akarudi tena mwaka 2013, akatoka mwaka 2021, na makali ya ulimi wake yalikuwa yale yale.