Vijinzi vya Jikoni na Chupa Isiyo na Jina

Mtu aliyewahi kukaa Voi katika miezi ya Januari, Februari na Machi hahitaji kuelezwa maana ya joto. Vumbi jekundu huingia hata mahali palipofungwa, mabati hulia mchana, na maji ya mtungini huwa vuguvugu kabla ya saa nne. Miezi hiyo hiyo maembe hujaa sokoni, na ndizi za Taveta huletwa kwa malori, mikungu juu ya mikungu. Na hapo ndipo vijinzi navyo huingia majumbani.

Nasema vile vidogo mno, vya rangi ya hudhurungi na macho mekundu, ambavyo huelea juu ya ndizi iliyoiva kama moshi mwembamba. Watu wengine huviita visubi, lakini kisubi huuma, na hivi haviumi. Kwa kuwa haviumi, mimi nilividharau miaka mingi, kisha siku moja nikavikasirikia kwa pupa. Na pupa hiyo nusura inipotezee mtoto. Kwa hiyo nimeona ni vema niwaeleze wenzangu jambo lililonipata.

Mimi ni karani, na kwetu ni milimani, upande wa Wundanyi. Lakini kazi yangu iko Voi, nami nimepanga nyumba ya vyumba viwili pamoja na mke wangu na binti yetu mdogo. Mwezi wa Februari mmoja walinijia wazee wawili wa ukoo wetu kwa shauri la shamba. Mke wangu akawaandalia chai. Mzee mkubwa alipoinua kikombe, akaona vijinzi vitatu vinaelea juu ya maziwa. Akavitoa kwa kidole, taratibu, wala hakusema neno. Lakini kikombe kile hakukinywa tena, na mazungumzo yakaisha upesi kuliko ilivyo desturi. Wasomaji mnajua aibu ya namna hiyo. Afadhali mgeni akulaumu kuliko anyamaze.

Kesho yake nilipotoka kazini nikapita kituo cha mabasi, nikamkuta mtu anauza dawa za panya, kunguni na mende. Nikamweleza shida yangu. Akanipa chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, nayo sasa ina kitu cheupe kama maziwa. Haikuwa na karatasi yo yote ya maelezo. Nilipomwuliza ni dawa gani, akacheka, akaniambia, "Bwana, hii huua kila kitu." Maneno hayo yalinifurahisha, maana sikuyafikiri. Nikalipa nikaenda zangu.

Mke wangu na mtoto walikuwa wametoka. Nikafunga mlango na dirisha, nikanyunyiza jikoni kote: ukutani, mezani, juu ya rafu ya vyombo, hata karibu na kapu la ndizi. Vijinzi vilianguka kama vumbi. Nikavifagia kwa majivuno, nikajisifu kwamba kazi imekwisha kwa robo saa.

Usiku ule mtoto akaanza kutapika. Mate yalimtoka bila kukoma, macho yakajaa machozi, jasho likamlowesha, na pumzi ikawa nzito. Kumbe alikuwa amechukua ndizi kapuni na kuila alipokuwa akicheza chini ya meza. Tukapanda pikipiki mpaka hospitali. Tabibu aliyekuwa zamu akaniuliza swali moja tu: "Mmetumia dawa gani nyumbani?" Sikuwa na jibu. Akaniambia niilete chupa. Nikaenda mbio nikaileta; akaitazama pande zote, asione jina wala nambari, akatikisa kichwa. "Baba," akasema, "tukijua jina la sumu, twajua pa kuanzia."

Walimvua nguo zote, wakamwosha, wakamtibu kwa dalili walizoziona. Tulikaa pale siku mbili. Siku ya tatu asubuhi mtoto akaomba uji, nami nikatoka nje ya wodi nikalia. Mke wangu hakunigombeza. Tuliporudi nyumbani aliosha kila sahani, kila kijiko na kila sufuria mara tatu, na kimya chake kilikuwa kikali kuliko ugomvi.

Baada ya siku chache, vijinzi vilikuwa vimerudi, tena vingi kama kwanza.

Mama yangu aliposikia habari hizo alishuka kutoka milimani kuja kumwona mjukuu wake. Yeye hakusoma shule. Aliingia jikoni, asivitazame vijinzi hata kidogo, akainama, akaanza kunusa kama mtu anayetafuta kitu kilichofichwa. Akalivuta gunia la viazi chini ya meza, akachomoa kiazi kimoja kilichogeuka maji. Akainua ndoo, akatoa tambara bichi lililochacha. Akatazama chupa za soda zilizobaki na matone ya sukari. Mwisho akatia kijiti katika tundu la maji machafu, kikatoka na utelezi mweusi. Akaniambia, "Mwanangu, umefukuza watoto, mama yao umemwachia kitanda."

Maneno yale yalinifanya nitake kujua zaidi. Nikatia kipande cha ndizi mbivu katika gilasi, nikaiacha wazi siku moja ili vijinzi viingie, kisha nikavifukuza vyote nikafunga mdomo wake kwa kitambaa chepesi. Siku chache baadaye nikaona mabuu meupe, membamba, yakitambaa ndani ya ndizi. Baadaye yakapanda kwenye kioo, yakawa kama punje za kahawia zisizojongea. Siku ya tisa asubuhi gilasi ilikuwa imejaa vijinzi vipya. Nilimwomba mama afanye vivyo hivyo kwake milimani, ambako kuna baridi. Kwake vilitoka siku ya kumi na sita. Hapo nikafahamu kwa nini Voi yetu ina taabu kuliko Wundanyi: joto huharakisha uzazi wao. Wataalamu nao husema hivyo hivyo, kwamba katika joto la nyuzi 25 kijinzi hutimia kwa siku kama kumi, na katika nyuzi 18 huchukua karibu mara mbili. Jike mmoja aweza kutaga mayai mia kadhaa maishani mwake.

Labda msomaji atashangaa kusikia kwamba kijinzi hiki kina sifa kubwa duniani. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Thomas Hunt Morgan, alikifuga chupani huko New York kwa kukilisha ndizi, na mwaka 1910 akaona kimoja chenye macho meupe badala ya mekundu. Kwa kufuatilia wajukuu wa kijinzi hicho alieleza jinsi sura na tabia zinavyorithiwa, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Tena asili yake ni bara letu hili. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba wamekikuta porini nchini Zimbabwe kikiishi kwa matunda ya mng'ong'o. Basi si mgeni aliyetuvamia. Amefuata harufu ya tunda lililochacha tangu zamani, nasi tumeihamishia harufu hiyo ndani ya nyumba.

Sasa nitaeleza tunavyofanya nyumbani kwetu, wala haigharimu fedha nyingi. Ndizi na maembe yaliyoiva hufunikwa kwa kitambaa chepesi, na lililopasuka huliwa siku ile ile au hutolewa nje. Viazi na vitunguu hukaguliwa kila Jumamosi mpaka chini ya gunia. Maganda hayalali ndani. Tambara hukaushwa juani, na chupa husuuzwa kabla ya kuwekwa. Tundu la maji husuguliwa kwa brashi mpaka utelezi utoke, ndipo humwagiwa maji yaliyochemka. Maji peke yake hayatoshi, maana mayai hukaa ndani ya utelezi. Vile vilivyokwisha kuruka hutegwa kwa gilasi yenye siki kidogo na tone la sabuni. Siki huvivuta, na sabuni huviangusha majini visiweze kusimama juu. Kazi hii isikatizwe kwa muda wa wiki mbili, maana hata ukiua vyote leo, mayai ya jana yangali yanakuja.

Kwa wenzangu wakulima wa Taveta na milimani, ninalo neno moja zaidi. Msimchanganye kijinzi huyu na nzi wa maembe, ambaye ni mkubwa karibu kama nzi wa kawaida na ana rangi ya manjano. Yule aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, akitoka Asia, naye hutoboa tunda zima likiwa bado mtini. Kijinzi cha jikoni hungoja tunda lioze au lipasuke. Lakini wote wawili wanashindwa kwa njia moja iliyo rahisi: kuokota kila tunda lililoanguka, na kulifukia chini sana au kulifunga katika mfuko na kuliacha juani mpaka mabuu yafe.

Sisemi kwamba dawa zote ni mbaya. Dawa halali huwa na karatasi ya jina, nambari ya usajili, na maelezo ya namna ya kuitumia. Lakini chupa isiyo na jina si dawa, ni fumbo, na fumbo la namna hiyo huweza kufumbuliwa juu ya mwili wa mtoto wako. Na ikitokea bahati mbaya, chukua chupa uende nayo hospitali papo hapo, usingoje kuagizwa kama mimi.

Mwaka uliofuata wale wazee wawili walirudi kumaliza shauri lao, nao ulikuwa mwezi wa Februari vilevile. Mke wangu akaleta chai. Mzee mkubwa akakitazama kikombe chake kwa muda, akanitazama mimi, kisha akanywa mpaka chini akaomba cha pili. Binti yetu ndiye aliyempelekea.