Mgeni Mpe Jembe, Usimpe Mtoto

Kila mwaka, hasa kati ya Juni na Septemba, miji ya Moshi na Arusha hupokea vijana wengi kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kujitolea katika shule za awali na vituo vya kulelea watoto. Kazi yangu ya kufundisha chuo kikuu imenipa nafasi ya kuona pande mbili za jambo hili. Nimefika katika vituo hivyo kuwatembelea wanafunzi wangu walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na nimewaandikia barua za utambulisho vijana wetu wanaokwenda kujitolea Ujerumani. Ndugu msomaji, leo naomba tuziweke pande hizo mbili kwenye mizani moja.

Tuanze na safari ya kwenda kwao. Mwaka 2008 Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, wa kuwapeleka vijana wake kujitolea katika nchi za Kusini. Tangu mwaka 2013 mpango huo hupokea pia vijana wanaotoka nchi hizo, Watanzania wakiwamo. Binti mmoja niliyemfundisha alipangiwa chekechea. Alitakiwa kwanza kujifunza Kijerumani na kuleta hati ya Polisi inayoonyesha kwamba hana rekodi ya uhalifu. Sheria ya huko hairuhusu mwenye kujitolea achukue nafasi ya mtumishi wa kuajiriwa. Yeye ni msaidizi tu. Aidha, katika mwaka wake wa huduma lazima ahudhurie semina zisizopungua siku 25. Aliniandikia hivi: "Mwalimu, miezi mitatu ya kwanza kazi yangu ilikuwa kufuta meza na kuwafunga watoto kamba za viatu." Hakuwa analalamika. Alikuwa ameelewa kwamba mtoto wa watu hakabidhiwi mgeni kwa sababu tu mgeni huyo ana moyo mwema.

Sasa tuitazame safari ya kuja kwetu. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilimkuta kijana wa miaka 19, aliyemaliza sekondari majuma machache tu yaliyopita, akifundisha darasa zima. Mwalimu mwenye cheti alikuwa ameketi pembeni, akisubiri kutafsiri. Nilipomuuliza msimamizi kama aliwahi kuona hati ya Polisi ya kijana yule, alinijibu kwa upole: "Hawa ni wageni wetu, mwalimu. Wametoka mbali kuja kutusaidia." Wakati tukizungumza, mtoto wa miaka kama minne, ambaye hakuwahi kuniona maishani mwake, alinikumbatia miguu akitaka nimbebe. Wageni wengi huliita jambo hilo upendo na kulipiga picha. Wataalamu wa makuzi huliona kuwa dalili ya hatari: mtoto asiye na mlezi wa kudumu hujifunza kumshika yeyote apitaye, kisha humpoteza, kisha humshika mwingine.

Nyuma ya picha hizo pana uchumi. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walioko katika makao ya watoto duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wengi hawakupelekwa huko na kifo bali na umaskini: mama aliambiwa kwamba kituoni kuna chakula, sare na shule. Kituo nacho, kikishazoea ada na michango ya wageni, hakina haraka ya kumrudisha mtoto kwao, kwa maana kituo kisicho na watoto hakina mgeni. Ndipo nia njema ya kijana wa watu inapogeuka kuwa sababu ya mtoto kukaa mbali na mama yake.

Hatari nyingine inajulikana, ingawa hatupendi kuitaja. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimhukumu kijana wa Oklahoma kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhalilisha kingono watoto wa kituo alichojitolea jijini Nairobi. Mwaka 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Majirani zetu walikwisha kuliona tatizo.

Naomba nieleweke. Siwahubirii wageni chuki, na sisahau kwamba wapo waliotufaa. Wamarekani wa kwanza wa Peace Corps walioletwa Tanganyika mwaka 1961 walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, waliokuja kusaidia ujenzi wa barabara. Walikuja na ujuzi tuliouhitaji, wakapangiwa kazi iliyolingana nao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya kwanza tunampa mtoto.

Tufanye nini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe. Basi ofisa ustawi wa jamii anapokagua vyoo na magodoro, akague pia majalada ya wanaojitolea. Hati ya Polisi kutoka nchi atokayo mgeni iwe sharti lisilo na mjadala. Asiachwe peke yake na watoto, wala asikalie kiti cha mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Na mfadhili anayemhurumia mtoto aombwe kwanza kuisaidia familia yake, ili mtoto ale na kusoma akiwa nyumbani kwao.

Kwenu wanafunzi wangu mtakaoajiriwa katika ofisi hizo: mtaambiwa kwamba kuuliza maswali ni kuwafukuza wafadhili. Kumbukeni kwamba binti yetu aliulizwa maswali yote hayo Ujerumani, akayajibu, na hakuna aliyesema amevunjiwa heshima. Mtoto wa Moshi ana haki ya kulindwa kwa maswali hayohayo. Ulizeni, na jibu lisipopatikana, msitie saini.