Kwa nini nilifungua kamera yangu

Wasee, mmeniuliza sana, wacha nijibu. Mbele ya sensa ya kamera kuna kioo chembamba cha kuzuia miale ya infraredi. Shida ni kwamba kinakata pia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, nanometa 656, na hiyo ndiyo rangi ya yale mawingu ya gesi kule Orion. Ukikitoa, unaweka kioo kisicho na rangi mahali pake, la sivyo fokasi inahama. Na utoe betri kwanza, usubiri. Kapasita ya flashi hukaa na umeme, itakurusha.

Lakini picha za mchana zinageuka nyekundu. Bibi harusi anakaa kama amepakwa rangi, na harusi ndizo hunilipia nyumba. Kwa hivyo nilifungua ile kuukuu pekee. Ile ya kazi? Siigusi.

Mfangano iko karibu na ikweta, tunaona Orion na hata Msalaba wa Kusini. Ila usiku usio na mwezi, ule ninaoungoja, ndio wavuvi wa omena huwasha taa ziwani. Siwezi kuwaambia wazime, hiyo ndiyo mboga yetu. Napanda tu mlimani, nawapa mgongo.