Pomboo wa Kizimkazi

Sisi tuliozaliwa kando ya Tanganyika au ya Kivu twadhani kwamba maji makubwa twayajua. Tumeona dhoruba ikipindua mitumbwi. Tumeona usiku taa za wavuvi wa ndagala zikifanana na taa za mji. Walakini bahari ni jambo lingine. Ziwa letu lakaa mahali pake; bahari hujaa na kupwa, mara mbili kila siku. Maji ya ziwa twayanywa. Maji ya bahari hayanyweki. Tena ndani ya bahari wamo wanyama ambao ziwa letu halina hata mmoja wa namna yao. Leo napenda kuwaeleza habari za mmoja wao, jina lake pomboo, na jinsi tulivyokwenda kumtazama wakati wa likizo ya mwezi wa saba, mimi na walimu wenzangu wawili, huko Kizimkazi katika kisiwa cha Unguja.

Njia ya kufika

Tulivuka ziwa hata Kigoma, tukashika njia ya reli iliyofika hapo mwaka 1914. Toka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni kilomita 1,250 na zaidi kidogo, na njia hiyo yapita karibu na ile waliyoikanyaga watu wa misafara katika karne ya 19. Ndiyo iliyoleta Kiswahili kwetu Maniema. Ndiyo pia iliyopeleka pwani pembe za ndovu na watumwa. Kutoka Dar es Salaam meli yafika mji wa Zanzibar kwa muda wa saa mbili hivi. Kisha ni gari, kuelekea kusini, katikati ya minazi na mashamba ya muhogo, hata nchi inakwisha na barabara nayo inakwisha.

Kizimkazi ni vijiji viwili vilivyo jirani, Dimbani na Mkunguni. Dimbani upo msikiti wa kale sana; maandiko yaliyochongwa katika jiwe ndani yake yaonyesha mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wetu. Wakaaji ni Waislamu, watu wa heshima na ukarimu, na kazi yao tangu zamani ni uvuvi. Mgeni avae nguo za adabu apitapo kijijini, asalimu wazee, naye atapokewa vema. Kiswahili chetu cha Kongo kiliwachekesha kidogo, lakini walitusikia, nasi tuliwasikia.

Pomboo ni mnyama gani?

Watu wengi humwita samaki, kwa kuwa ana mapezi na mkia. Si samaki. Damu yake ni moto kama yetu, naye hunyonyesha. Hana matamvua ya kupumulia majini. Ana mapafu, na pua yake ni tundu moja lililo utosini. Kila baada ya dakika chache sharti aje juu kuvuta hewa. Usingizi wake nao si kama wetu, maana angelala fofofo angesahau kupumua, akafa maji. Kwa hiyo nusu ya ubongo wake hulala, na nusu ya pili hukesha, kisha hupokezana. Wakati wa kupumzika hivyo, pomboo huogelea polepole, wakikaribiana, wakizama pamoja na kuibuka pamoja.

Mama huchukua mimba miezi kumi na miwili, huzaa mtoto mmoja tu, humnyonyesha zaidi ya mwaka, na miaka kadhaa hupita kabla ya kuzaa tena. Basi kundi la pomboo haliongezeki upesi kama mbuzi wa kijiji. Tena pomboo hutafuta chakula chake kwa masikio kuliko kwa macho: hutoa mlio mfupi mfupi, nao hupiga samaki au mwamba na kumrudia kama mwangwi. Kwa mlio huitana pia, mama na mtoto. Mtu anayejua hayo ataelewa makelele ya mashine za mashua ni nini kwao.

Karibu na Kizimkazi huonekana namna mbili. Wa kwanza ana mgongo wa kijivu na mdomo mfupi mnene, na urefu wake wafika mita mbili na nusu hivi. Wa pili ana nundu mgongoni, na huwaogopa watu zaidi. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, pamoja na wenzao wa Uswidi, waliwapiga picha mapezi ya mgongoni, maana kila pezi lina alama zake, kama uso wa mtu. Kwa hesabu walizofanya tangu mwaka 1999 hata 2002, walikadiria pomboo wa namna ya kwanza kuwa chini ya 200, na wenye nundu chini ya 70. Hao ndio ambao wageni wote wa Kizimkazi huja kuwatazama.

Mashuani

Tulishuka pwani saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo wa kusi haujapata nguvu. Maji yalikuwa yamekupwa, tukakunja suruali na kutembea ndani yake mpaka magotini, viatu mkononi. Nahodha alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Kijana wake alishika mashine nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiswahili chenu cha mbali. Mmetoka wapi?"

"Kongo, mzee. Sisi walimu."

"Karibuni sana, walimu." Kisha, kabla hatujapanda, akatuuliza neno moja: "Mwataka kuwafukuza, au mwataka kuwatazama?"

Hatukufahamu maana ya swali hilo. Tukasema, "Kuwatazama." Akaitika kwa kichwa, akasema, "Basi mtangoja."

Nasi tulingoja. Mashua ilikwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Jua lilichomoza nyuma yetu, juu ya minazi na mibuyu, na miamba ya matumbawe ya pwani, iliyoliwa chini na mawimbi, ilikuwa kama uyoga mkubwa uliopangwa mstari. Penye mchanga bahari ilikuwa kijani. Penye kina, buluu iliyoiva. Ngalawa za wavuvi zilirudi na tanga moja moja, na kila aliyepita alisalimiana na nahodha wetu kwa sauti ndefu. Hapakuwa na kazi yo yote ila kutazama maji. Kwa walimu waliozoea kengele ya kila saa, hiyo ndiyo likizo.

Muda wa saa nzima ulikuwa umepita, ndipo tuliposikia, kabla ya kuona, pumzi. Pfuu! Kama mtu apulizaye moto jikoni. Nahodha akainua mkono, kijana akazima mashine. Wakaibuka saba, labda wanane, migongo iking'aa kama chungu kilicholowana, wakazama, wakaibuka tena pamoja. Kati yao mmoja alikuwa mdogo, amebanana na ubavu wa mama yake hata ungedhani wana kivuli kimoja. Hawakutukimbia. Walipita kando ya mashua yetu, karibu kiasi cha kusikia kila pumzi, na mmoja akageuza ubavu akatutazama kwa jicho moja. Mwenzangu, mtu wa maneno mengi, hakusema hata neno.

Mashua nyingine

Furaha hiyo haikudumu robo saa. Mashua moja ilituona tumesimama, ikaja mbio. Nyuma yake tatu, kisha sita. Zilikuja mbele ya pomboo na nyuma yao, zikawazingira. Wageni waliovaa miwani ya maji wakaambiwa, "Rukeni! Rukeni sasa!" wakajitupa majini katikati ya kundi. Pomboo wakakusanyika, wakazama kwa muda mrefu, wakaibuka mbali. Mashua zikageuka na kuwafuata, wageni wakavutwa mashuani, wakaambiwa tena, "Rukeni!" Hayo yalifanyika mara nne au tano. Yule mdogo tulimwona mara moja tu, kisha hatukumwona tena.

Mwenzangu mmoja akasimama. "Nahodha, nasi tuwafuate. Tumelipa sawasawa na hao."

Mzee akamjibu bila hasira: "Mwalimu, mtoto wako mchanga akiwa amelala, wakaja majirani kumi na ngoma, utawaambia karibuni? Hawa wametoka kuwinda usiku. Asubuhi ndiyo saa yao ya kulala."

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza maneno ambayo sijayasahau. "Lakini nawe usiwalaumu vijana hawa. Mgeni akirudi pwani bila kumgusa pomboo, hunung'unika, na kesho humpeleka rafiki yake katika mashua nyingine. Mimi nimeshapoteza wageni wengi kwa polepole yangu. Na nyumbani kwangu wanakula watu tisa."

Mwenzangu akakaa. Hapo ndipo tulipofahamu lile swali la pwani.

Habari za zamani

Lazima tujue pia kwamba pomboo hawakupendwa Kizimkazi tangu mwanzo. Zamani wavuvi waliwaua, na nyama yao ilitumiwa kuwa chambo cha kuvulia papa. Wageni walipoanza kuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanakijiji waliona kwamba pomboo aliye hai huleta fedha kila siku, na aliyekufa huleta mara moja tu. Uwindaji ukakoma mwaka 1996. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza Ghuba ya Menai, yenye kilomita za mraba 470, kuwa eneo la hifadhi. Hatari haikwisha kabisa, maana pomboo hunaswa katika nyavu kubwa ziitwazo jarife, na akinaswa chini bila kuvuta hewa hufa. Hata hivyo, watu waliacha desturi ya kuua kwa kuwa walipata njia nyingine ya kula. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Lakini yafaa tuone kwamba njia hii mpya yaweza nayo kuharibu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 juu ya pomboo hao hao ulionyesha kwamba mashua za watalii zikiwapo, wao hupunguza kula, kupumzika na kuchezeana, na huzidisha safari. Mnyama asiyelala vema wala kula vema hudhoofika, na mama aliyedhoofika hana maziwa. Aidha pomboo waweza kuihama pwani inayowachosha. Siku hiyo wageni watakwenda kwingine, na wavuvi watabaki na madeni ya mashine zao. Wahenga wa pwani walisema: Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mithali hiyo yamfaa mgeni kuliko nahodha, maana mwenye fedha ndiye mwenye kuamuru mwendo wa mashua.

Shauri kwa wasafiri

Karibu saa nne mashua zote zilirudi pwani, maana wageni wao walikuwa na magari ya kuwahi. Sisi tulibaki. Tulikula mandazi na kunywa chai ya chupa iliyofungwa kitambaa, na upepo ulianza kuvuta. Kabla ya kugeuka tuliwaona tena wawili, mbali sana, wakienda polepole upande wa kisiwa cha Pungume. Nahodha hakuwafuata, wala hakuna aliyemwomba.

Basi, msomaji, ukipata siku moja nafasi ya kufika Kizimkazi, au pwani nyingine yo yote penye pomboo, shika mambo haya machache. Nenda mapema, uwe na siku nzima, usiwe na saa moja tu. Kabla ya kulipa, mwambie nahodha kwamba hutaki kuwafukuza, atafurahi kulisikia. Mashua iwaendee kwa ubavu, wala si kwa mbele au kwa nyuma, tena polepole, na isimame mbali kiasi cha mita 50. Wakitaka kukaribia, wao wenyewe watakuja. Zikiwapo mashua mbili au tatu, ninyi ondokeni. Penye mtoto mchanga, msiingie majini kabisa. Na mkirudi bila kuona kitu, mlipeni nahodha fedha yake yote kwa uso mkunjufu, na mwambieni kwamba mtawaeleza wengine jina la mashua yake.

Sisi tulifanya hivyo. Mzee alizihesabu fedha, akazikunja katika kitambaa, akatuuliza kama katika ziwa letu wako wanyama wa namna hii. Tukamjibu hawako, wako viboko na mamba. Akacheka sana, akasema hao kweli hakuna mgeni atakayeruka majini kuwagusa.